Kabla Hujafuta Vumbi la Chogo

Kule Laconia, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, kuna makumbusho ya mashine za gemu yanayoitwa American Classic Arcade Museum. Ndani yake zimepangwa mashine za miaka ya 1970 na 1980, zile ndefu kama kabati, na watu bado wanazicheza. Space Invaders ya Taito ilitoka mwaka 1978, Pac-Man ya Namco 1980, Donkey Kong ya Nintendo 1981. Picha ya gemu hizo inatoka kwenye skrini ya kioo kizito yenye mgongo mrefu, kitu ambacho sisi huku tunakiita chogo. Viwanda vikubwa vilivyokuwa vikitengeneza mirija hiyo vimeshafunga, kwa hiyo mrija ukivunjika huendi dukani kununua mpya. Ndiyo maana wanaozitunza mashine hizo wanajali sana usafi, na hapo ndipo wengine wanapoumia.

Utaniuliza, mwalimu mtarajiwa wa Kitanzania mashine za Wamarekani zinamhusu nini? Zinamhusu kwa sababu chogo ni chogo. Jaribio la kwanza la gemu ya Pong, mwaka 1972, lilitumia televisheni ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe kama skrini. Kinachopitika ndani ya mashine ya Pac-Man ndicho kinachopitika ndani ya TV ya chogo ya bibi yako kijijini, ile iliyounganishwa na king'amuzi kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Desemba 2012. Ndicho kilichomo kwenye TV za baadhi ya vibanda vya gemu mitaani, na kwenye monita za zamani zilizorundikwa stoo za shule tunazokwenda kufanyia mazoezi ya kufundisha. Na bumu likichelewa, kuna mwenzetu hosteli atanunua TV ya chogo kwa bei ya kutupa, aione ina vumbi, achukue bisibisi.

Makala hii ni kwa ajili ya huyo mwenzetu, na kwa ajili ya yule atakayeambiwa na mkuu wa shule, "Mwalimu, watumie wanafunzi wako mzisafishe hizi monita."

Kuna nini ndani ya chogo

Turudi kidato cha nne, mada ya utoaji wa elektroni kwa joto. Wengi tuliikariri tukaitapika kwenye mtihani tukaisahau. Chogo ndiyo mada yenyewe ikiwa imewekwa ndani ya boksi.

Ni mrija mkubwa wa kioo ambao ndani yake hewa imetolewa, limebaki ombwe. Mjerumani Karl Ferdinand Braun aliutengeneza wa kwanza wa aina yake mwaka 1897. Huko nyuma, kwenye shingo nyembamba, kuna kathodi inayopashwa moto na waya mdogo. Ukizima taa za chumba ukachungulia kwenye shingo TV ikiwa inawaka, utaona kamwanga ka rangi ya chungwa. Kathodi ikipata moto inatoa elektroni. Elektroni zinahitaji kuvutwa mbele kwa nguvu ili zigonge unga wa fosfa uliopakwa nyuma ya kioo, unga ung'ae, wewe uone picha. Kinachozivuta ni anodi, na kwenye skrini ya rangi ya ukubwa wa inchi 19 au 20 anodi hiyo huwa na volti zipatazo 25,000.

Umeme huo unatengenezwa na transfoma maalumu ambayo mafundi wanaiita flaibaki. Kutoka kwenye flaibaki kuna waya mnene, mara nyingi mwekundu, unaokwenda juu ya chogo na kuishia kwenye kikombe cha mpira kilichoganda kwenye kioo. Chini ya kikombe kile ndipo umeme unapoingia ndani ya mrija. Shingoni kumevalishwa koili za waya wa shaba zinazoitwa yoki. Kazi yake ni kuupinda mwale wa elektroni kushoto, kulia, juu na chini ili uchore picha.

Kuna jambo moja ambalo kitabu cha sekondari hakikulisisitiza. Sehemu ya koni ya mrija imepakwa rangi nyeusi ya grafaiti kwa nje, na kwa ndani pia kuna tabaka linalopitisha umeme. Kwa hiyo una sahani ya ndani, sahani ya nje, na kioo katikati kama kihami. Jina lake unalijua. Ni kapasita. Yaani mrija wenyewe, mbali na kuonyesha picha, ni kapasita inayotunza umeme. Ukichomoa plagi ukutani, TV inazima, lakini hiyo kapasita haijui kwamba umechomoa.

Kwa nini chogo linapenda vumbi

Sugua rula kwenye nywele, isogeze kwenye vipande vya karatasi. Zitaruka. Huo ni umemetuli, na chogo ni rula kubwa mno. Anodi ya volti 25,000 inavuta vumbi la chumba kizima, ndiyo maana hata kioo cha mbele kikifutwa asubuhi, jioni kina ukungu. Kwenye majumba ya gemu ya zamani Marekani watu walikuwa wakivuta sigara huku wanacheza, kwa hiyo vumbi lilichanganyika na moshi likawa gundi ya kahawia. Huku kwetu tuna vumbi jekundu, moshi wa jiko, nywele za paka, na mende.

Vumbi kavu peke yake lina kosa moja: linafunika vifaa kama blanketi, joto linakosa pa kutokea. Vumbi lenye unyevu ni habari nyingine. Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, hewa ina maji na chumvi. Vumbi likinyonya unyevu linaanza kupitisha umeme, na karibu na kile kikombe cha mpira umeme unapata njia ya pembeni. Ndipo unasikia sauti ya "ssss" TV ikiwashwa asubuhi ya mvua, au cheche za "ta! ta!", na harufu kali ya hewa iliyoungua ambayo ni ozoni. Ukisikia hivyo, zima, chomoa plagi, mwite fundi. Usiseme itazoea.

Kwa hiyo kusafisha chogo kuna sababu ya maana, si urembo tu. Swali ni nani asafishe nini.

Hatari tatu, kwa hesabu

Nimeona matangazo mengi ya usalama yanayosema "HATARI, USIGUSE" halafu basi. Kama walimu tunajua kwamba katazo lisilo na sababu linaishi mpaka mwalimu atoke darasani. Basi tufanye hesabu.

Hatari ya kwanza ni umeme uliobaki kwenye mrija. Nishati ya kapasita ni nusu ya C mara V kwa kipeo cha pili. Tuchukue mrija wenye nanofaradi 2 na volti 25,000. Utapata jouli 0.6 hivi. Si nyingi. Kwa mtu mwenye moyo mzima, mara nyingi haimuui. Lakini itamrusha mkono, na mkono unaorushwa unaelekea wapi? Kwenye shingo ya kioo, kwenye ncha za mabati, au mtu anaanguka kutoka kwenye stuli huku amekumbatia kitu cha kilo 20 na zaidi. Mwenye tatizo la moyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Kuna chogo ambazo zina kizuizi ndani ya flaibaki kinachomwaga umeme huo polepole baada ya kuzima, na kuna ambazo hazina. Kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Hatari ya pili wengi hawaijui, na hesabu ndiyo inayoifichua. Kwenye bodi, pale umeme wa ukutani unapoingia, kuna kapasita moja nene kama betri ya tochi. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita hiyo inajaa mpaka volti 325 hivi. Ikiwa ni ya mikrofaradi 220, nishati yake ni karibu jouli 11.6. Linganisha: volti 325 dhidi ya 25,000, lakini nishati ni zaidi ya mara 18. Mtu anaogopa waya mwekundu, anaushughulikia kwa heshima zote, halafu anashika bodi kwa chini kwa vidole vitano. Kumbe simba alikuwa upande ule.

Na hiyo ni ikiwa imechomolewa. Ikiwa plagi iko ukutani, hatari inayozidi zote ni umeme wa ukutani wenyewe, kwa sababu hauishi. Kwenye TV nyingi na monita nyingi za mashine za gemu, sehemu ya bodi imeunganishwa moja kwa moja na umeme huo. Ndiyo maana ndani ya mashine za gemu za Kimarekani hufungwa transfoma ya kutenganisha kati ya ukuta na monita. Na tofauti na TV, monita ya mashine ya gemu haina ganda la plastiki. Ni fremu ya chuma, mrija na bodi, vyote wazi. Ukifungua mlango wa nyuma wa kabati tu, umeshafika.

Hatari ya tatu ni kioo. Ndani ni ombwe, nje ni hewa inayosukuma kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Skrini ya sentimita 40 kwa 30 ina sentimita za mraba 1,200, kwa hiyo hewa inaisukuma kwa nyutoni 12,000. Huo ni uzito wa gari dogo likiwa limekaa juu ya kioo muda wote, miaka thelathini, na kioo kimevumilia. Kioo cha mbele ni kinene na kimefungwa mkanda wa chuma. Shingo ni nyembamba kama ya chupa ya dawa ya kikohozi. Ukiigonga kidogo tu, hewa inaingia, na mrija umekufa. Ukiugonga mrija vibaya zaidi, unapasuka kwa kuingia ndani kisha vipande vinaruka nje.

Ngazi tatu za usafi

Mimi nayagawa mambo haya katika ngazi tatu. Usipande ngazi ambayo hujafundishwa.

Ngazi ya kwanza ni ya kila mtu, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Hakuna kufungua kitu. Zima, chomoa plagi, subiri ipoe. Chukua kitambaa laini kisichoacha manyoya, kiloweshe kidogo, kikamue, ufute kioo kutoka juu kwenda chini. Maji unaweka kwenye kitambaa, humwagii wala hupulizii kwenye skrini, kwa sababu maji yakishuka kwenye ukingo wa kioo yanaingia ndani moja kwa moja. Doa gumu liongezee tone la sabuni ya vyombo. Achana na dawa za vioo zenye amonia, zinaweza kubandua tabaka la kuzuia mng'ao ambalo baadhi ya monita zinalo. Kwenye mashine ya gemu, mbele ya chogo mara nyingi kuna kipande kingine cha plastiki ngumu ya akriliki. Hicho usikipake spiriti wala amonia, kitapasukapasuka vinyufa vidogo. Sabuni laini na maji vinatosha. Matundu ya hewa yasafishe kwa brashi kavu ya rangi. Halafu acha ikauke vizuri kabla hujachomeka.

Ngazi ya pili ni ya mtu mzima aliyesimamiwa na mwenye ujuzi. Hapa kifuniko cha nyuma kimetolewa, au mlango wa kabati umefunguliwa, lakini mkono haugusi kitu. Chomoa plagi kabisa na uiweke mahali unapoiona, kwa sababu swichi pekee haitoshi. Iache ikae, ikiwezekana usiku mzima. Vua saa, pete, bangili, cheni. Vaa viatu vya mpira, miwani ya kinga na barakoa, maana vumbi la miaka ishirini si la kuvuta. Toa kifaa nje kwenye upepo. Tumia bloa kwa nguvu ndogo, ukisimama mbali, ukipuliza kutoka juu. Usiisogeze kwenye shingo. Vumbi lililoganda unalilegeza kwa brashi ndefu ya manyoya laini yenye mpini wa mbao kavu au plastiki, kwa mkono mmoja. Kikombe cha mpira na waya wake unaviacha kama vilivyo. Ukiweza kuondoa vumbi la juu kwa ngazi hii, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kwa nini mkono mmoja? Umeme unatafuta njia ya kupita. Ukishika fremu kwa kushoto na kitu chenye umeme kwa kulia, njia inapita kifuani, na moyo uko hapo. Mkono wa pili mfukoni au nyuma ya mgongo unaiziba njia hiyo.

Ngazi ya tatu ni ya fundi. Naieleza ili uelewe anachofanya, na ili ukimwona anayeiruka umwondolee kazi yako. Kabla ya kugusa kikombe cha mpira, fundi anamwaga umeme wa mrija. Anachukua waya wenye klipu, upande mmoja anaubana kwenye ule waya wa msuko usio na ganda uliotandazwa juu ya rangi nyeusi nyuma ya chogo, au kwenye fremu ya chuma inayougusa. Upande wa pili anaubana kwenye chuma cha bisibisi bapa yenye mpini mrefu wa plastiki. Klipu kwanza, bisibisi baadaye. Kisha, kwa mkono mmoja, anapenyeza ncha chini ya kikombe mpaka iguse chuma. Pengine utasikia "tap!", pengine usisikie. Wenye vifaa hutumia kifaa cha kupimia volti kubwa, ambacho kinamwaga umeme taratibu na kuonyesha umebaki kiasi gani.

Hapo kuna maswali mawili mazuri ya mtihani. La kwanza: kwa nini klipu ibanwe kwenye chogo lenyewe, isibanwe kwenye ethi ya ukutani? Kwa sababu kapasita ina sahani mbili, na umeme unatoka sahani moja kwenda nyingine. Plagi umeshaichomoa, kwa hiyo ethi ya ukutani haina uhusiano wowote na sahani ya nje. Utakuwa umefanya maigizo. La pili: kwa nini fundi anarudia baada ya dakika chache? Kwa sababu kihami cha kapasita hakiachii umeme wote kwa mara moja. Kiasi kilichojificha ndani ya kioo kinarudi polepole kwenye sahani. Aliyemwaga umeme mara moja akaenda kunywa chai, akirudi amwage tena.

Baada ya hapo anashughulikia kapasita nene ya bodi, anapima kwa mita mpaka asome sifuri. Ndipo anavua kikombe, anafuta mpira na kioo kinachouzunguka kwa isopropili, ile alkoholi wanayosafishia bodi mafundi simu, na anasubiri ikauke kabisa kwa sababu mvuke wake unashika moto. Rangi nyeusi ya grafaiti haisugui, maana akiitoa ameondoa sahani ya kapasita. Zile pete za sumaku shingoni hazizungushi hata kwa milimita moja. Kiwandani walizipanga ili rangi nyekundu, kijani na bluu zikutane, wakazifunga kwa rangi ya kucha au gundi. Ukizigusa, Pac-Man atakuwa na vivuli vitatu.

Wapo wanaoosha bodi nzima kwa maji na sabuni kisha wanaianika siku kadhaa. Kwa anayejua inawezekana, ila maji yakibaki chini ya flaibaki au ndani ya vifundo vya kurekebishia picha, siku ya kuwasha ndiyo siku ya kuizika. Kwa mwanafunzi, jibu langu ni moja: usioshe bodi.

Si kila doa ni uchafu

Kuna vitu watu wanasugua mpaka wanakwangua kioo, kumbe si uchafu. Mashine nyingi za Pac-Man zikizimwa bado unaiona ile ramani ya njia kwenye kioo, kama kivuli. Picha ileile imekaa mahali palepale kwa miaka, fosfa imechoka pale ilipowaka zaidi. Fosfa iko ndani ya ombwe, hakuna kitambaa kitakachoifikia.

Doa la rangi, labda kijani au zambarau pembeni ya picha, mara nyingi ni sumaku. Mtu aliweka spika karibu. Linaondolewa kwa koili maalumu, na TV nyingi zinajifanyia zenyewe kila zinapowashwa baada ya kupoa.

Na kwenye shingo kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hilo ni la bariamu, limewekwa makusudi kunyonya hewa kidogo iliyobaki. Likiwa la fedha, mrija ni mzima. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia. Hapo huna cha kusafisha, umeshafiwa.

Stoo ya shule

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa na monita kumi na mbili za chogo stoo, na uongozi ulitaka zisafishwe ili zitumike kwenye maabara ya kompyuta. Wanafunzi wa kidato cha tatu walishafurahi, wawili wamekuja na bisibisi kutoka nyumbani. Nilikwenda kwa mwalimu mlezi wangu, mwalimu wa fizikia wa miaka mingi. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Nadhani tuwakataze kabisa."

Akaitikia, akanitazama juu ya miwani. "Ukiwakataza kabisa watafungua jioni wewe ukiwa umeondoka. Wakikuuliza kwa nini mkono mmoja, utawajibu nini?"

Nikamweleza njia ya kifuani.

"Basi kawafundishe hiyo kwanza. Bisibisi kaziweke ofisini kwangu."

Tulifanya hivi. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu zile mbili za nishati, ubaoni. Darasa lilinyamaza lilipoona kapasita ndogo inaizidi kubwa. Kipindi cha pili fundi wa mtaani, ambaye mwalimu alimwita kwa heshima kabisa, alileta chogo lililokufa, lililoingia hewa na ambalo alishalimwaga umeme mbele ya mwalimu. Wanafunzi wakaliona doa jeupe, wakaona yoki, wakaona kikombe cha mpira. Kijana mmoja akauliza, "Fundi, shikamoo. Hili halina hatari tena?" Fundi akamjibu, "Marahaba. Kioo chake bado kinakata, na bado kina sumu. Ila halirushi mtu." Kipindi cha tatu ndipo wakasafisha monita kumi na mbili, ngazi ya kwanza tu, nje ya darasa, plagi zote zikiwa zimepangwa mezani ambapo kila mtu anaziona. Saba ziliwaka. Tano zilikwenda kwa fundi, na hakuna mwanafunzi aliyezifungua.

Ningeweza kusema kwamba usalama ulikuwa kikwazo kwa somo. Ukweli ni kwamba usalama ndio uliokuwa somo lenyewe. Mada nzima ya kathodi na kapasita waliimaliza wakijaribu kuelewa kwa nini hawaruhusiwi kushika waya mmoja.

Likifika mwisho wake

Chogo lililokufa ndilo linaloumiza wengi zaidi, kwa sababu hakuna anayeliogopa. Wakusanya vyuma chakavu, na wengine ni watoto, wanavunja shingo kwa jiwe ili wapate shaba ya yoki. Vipande vya kioo vinabaki jalalani. Kioo cha ile sehemu ya koni, takribani asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake ni oksidi ya risasi, iliyowekwa ili kuzuia mionzi ya eksirei isitoke TV ikiwaka. Mrija ukiwa mzima, risasi hiyo imefungwa ndani ya kioo na haikudhuru. Ukisagwa, vumbi lake linaingia kwenye udongo, kwenye mikono, kwenye midomo ya watoto, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Unga wa fosfa nao si wa kuchezea, hasa kwenye mirija ya zamani sana ambayo ilikuwa na kadmiamu.

Kwa hiyo TV ya chogo usiivunje, usiichome, usiitupe bondeni. Mpelekee fundi ambaye atachukua vipuri bila kupasua kioo, au mkusanyaji wa taka za kielektroniki. Ukiibeba, mbebe wawili, kioo cha mbele kikielekea kifuani. Ukiilaza, ilaze kifudifudi juu ya taulo, shingo juu.

Maswali ya kujipima

1. Mwenzako wa chumbani amechomoa TV ya chogo dakika tano zilizopita na anataka kuifungua afute vumbi kwa kitambaa kibichi. Mpe sababu tatu za kumzuia, mojawapo iwe na hesabu.

2. Fundi amebana klipu yake kwenye bomba la maji badala ya fremu ya chogo. Je, umeme wa mrija utamwagika? Eleza kwa kutumia sahani mbili za kapasita.

3. Kapasita ya bodi ina mikrofaradi 150 na imejaa volti 325. Tafuta nishati yake, kisha ilinganishe na ya mrija wa nanofaradi 2 wenye volti 25,000. Ipi utaipima kwanza kabla ya kushika bodi?

4. Umepangiwa shule yenye monita nane za chogo na wanafunzi arobaini. Andaa kipindi cha dakika 80 ambacho wanafunzi watasafisha ngazi ya kwanza tu. Onyesha plagi zitakaa wapi, bisibisi zitakaa wapi, na utamjibu nini mwanafunzi atakayesema, "Mwalimu, mbona baba huwa anaifungua tu?"

Swali la nne ndilo gumu. Lijibu kabla hujapanda basi la kwenda kwenye mazoezi.